Mume Wangu, Ndugu Yangu na Gemu Zao za Angani

Vuli iliyopita nilikaribia kufukuzwa darasani kwa sababu ya gemu mbili za kompyuta ambazo mimi mwenyewe sijawahi kucheza hata dakika moja. Nikiwaambia wenzangu wa kazini wanacheka. Na mimi hucheka nao, halafu nakaa chini.

Wakati ule nyumba yetu ya Woodbridge, hapa Marekani, ilienda kwa mpango, na ukitoa mtu mmoja mpango wote unaanguka. Mume wangu anafanya shifti ya jioni kwenye ghala kule Springfield, anatoka nyumbani saa kumi na moja na dakika kumi. Mimi asubuhi namhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, namwogesha, namlisha, narudi saa nane mchana. Mama yangu mzazi tunakaa naye tangu baba alipofariki. Akili yake inaenda na kurudi. Kuna siku aliwasha jiko akatoka kwenda kutafuta mbuzi wake kwenye parkingi, na kofia ya kulalia kichwani. Hawezi kuachwa peke yake hata nusu saa, na mtu asiyemjua hamtaki. Atamwita mwizi mpaka majirani wasikie. Binti yetu yuko chuoni, analala huko huko. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi jioni, mimi nikienda darasani, aliyekuwa akikaa na mama ni kitinda mimba wetu, ndugu yangu mdogo, mtu wa miaka thelathini na minane, hana mke, mchana anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali.

Darasa lenyewe ni la uuguzi. Kule nyumbani shule niliiacha kidato cha pili. Hapa nimesoma jioni tu: kwanza Kiingereza, halafu cheti cha sekondari, halafu masomo ya kuingilia, halafu hili. Sasa ni mwaka wa saba wa kula chakula cha jioni ndani ya gari. Mwalimu wetu, mama Mmarekani mweusi ambaye alijifunza Kiswahili akiwa chuo na hunisalimia "Hujambo, dada yangu" kwa kutamka kila silabi, alituambia siku ya kwanza kabisa: ukikosa mara tatu umetoka, nafasi anapewa mwingine, wewe unasubiri mwaka ujao uombe tena. Hasikilizi sababu. Mimi nilikuwa nimeshakosa mara moja, siku mama alipoanguka bafuni.

Sasa hizo gemu.

Zilianza kipindi kile cha korona, watu wote tumefungiwa nyumbani. Mume wangu na ndugu yangu walinunua gemu moja ya kuendesha vyombo angani, wakawa wanacheza pamoja, kila mtu na laptopu yake kwenye meza yangu ya kulia. Mimi nilifurahi. Shemeji wawili wanaopendana ni baraka, na nilikuwa nimeona familia ambazo shemeji hawasalimiani. Walikuwa wakicheka, wanaitana "kapteni," wananiomba chai kama abiria.

Mume wangu kabla hatujaja alikuwa dereva wa lori, Mombasa mpaka Malaba, mara nyingine mpaka Kampala. Ndani ya gemu alijitafutia chombo cha mizigo, kibaya, mraba kama friji, akawa anabeba vyuma na dawa kutoka nyota hii mpaka ile. Kuna wakati alisema anaenda katikati ya galaksi. Wiki tatu alikuwa njiani, kila siku kwa saa moja baada ya kifungua kinywa.

"Mama, njoo uone," ananiita.

Naenda na mikono yangu ya unga. Naona duara jekundu.

"Hii ni nini?"

"Nyota."

"Na ile ya mbele?"

"Nyota nyingine."

"Haya," nasema, "Mungu ni mkubwa," narudi kwenye chapati zangu. Lakini nilielewa. Alikuwa ameikumbuka barabara.

Ndugu yangu akaja akahama. Alihamia gemu nyingine, ile ambayo haijaisha kutengenezwa. Nasema haijaisha na simtanii. Imetengenezwa miaka zaidi ya kumi na bado inatengenezwa, na watu wanaicheza hivyo hivyo ikiwa na mashimo. Lakini ni nzuri kwa macho, hilo siwezi kukataa. Kwenye gemu ya mume wangu wewe unakaa kwenye kiti tu. Kwenye ile ya ndugu yangu unaamka kitandani, unavaa, unatembea kwenye korido ya chombo chako, unapita jikoni, unapanda ngazi mpaka kwa rubani. Ndugu yangu toka mtoto alitaka kuwa rubani. Macho yake yakakataa. Kwa hiyo na yeye nilimwelewa. Taabu ni kwamba mara nyingine akiamka kitandani, sakafu haipo, anadondoka katikati ya anga akiwa na nguo za kulalia, inabidi aanze upya.

Mume wangu hakulisamehe lile la kuhama.

"Shemeji," anamwambia, "hiyo gemu yako ni kama zile nyumba tunazojenga nyumbani. Kila Disemba unaambiwa imefika lenta. Unaenda kuangalia, unakuta mahindi."

"Na yako ni shifti, shem. Shifti! Umetoka ghalani kubeba maboksi, unakuja kukaa chini ubebe maboksi tena. Tena bila overtime."

"Lakini chombo changu kina sakafu."

"Sakafu ya nini, na huwezi kusimama? Umekaa miaka minne hujanyoosha miguu, utapata damu kuganda. Mimi ni mtu wa hospitali, nakuambia."

Mwanzoni nilikuwa nacheka mpaka natoka machozi. Halafu ikaacha kuchekesha, na sijui ni siku gani hasa. Kila mmoja alikuwa na kundi lake la watu kwenye mtandao, watu wa nchi mbalimbali ambao hawajawahi kuonana, na makundi yale yalikuwa yanachukiana kwa bidii. Huko ndiko walikokuwa wanachota maneno. Mume wangu akipata video ya chombo cha gemu ile nyingine kikilipuka chenyewe kwenye maegesho, anamtumia ndugu yangu. Ndugu yangu anamjibu na yake. Walikuwa wananiweka na mimi, ili niwe shahidi. Niko bafuni namsugua mama mgongo, simu inalia, ting, ting, ting. Nafungua nikidhani ni msiba. Ni chombo kimekwama ukutani.

Nilisali kuhusu jambo hilo, ndiyo. Nilisali nikiosha vyombo: Bwana, hawa watu wazima wawili, uwape kitu kingine cha kufanya.

Kilichoharibu kabisa kilitokea kwenye ushirika.

Tuna ushirika wa nyumbani kila Jumamosi saa kumi jioni, tunazunguka nyumba kwa nyumba. Wiki ile ilikuwa kwetu. Waliojaa ni Wakenya wa bara kama sisi, Watanzania wawili, na kiongozi wetu, mzee mmoja Mkongomani mpole sana. Tuliimba, tukasoma, mzee akamwomba mwenye nyumba afunge kwa maombi. Mume wangu akasimama, akafumba macho. Na wote mnajua kuna maombi ya kwenda juu na kuna maombi ya kwenda kwa jirani. Mimi nilianza kusikia mwelekeo kwenye sentensi ya tatu.

"Bwana, tunawaombea wale waliodanganywa," akasema. "Wanaoambiwa kila mwaka, ngojeni kidogo, ngojeni kidogo. Wamekabidhi mioyo yao kwa vitu ambavyo havijaumbwa, Bwana."

"Amina!" watu wakaitika. Walidhani anawasema matapeli wa viza.

"Wafungue macho. Uwape kusimama mahali penye sakafu!"

"Amina! Sakafu, Bwana!"

Mama mmoja wa Kitanzania karibu yangu alikuwa analia kabisa, anasema, "Asante Yesu, sakafu." Mimi nilifumbua jicho moja. Ndugu yangu alikuwa amefumbua yote mawili, anamwangalia mume wangu, na shingo yake imekakamaa mpaka kwenye masikio kama ilivyokuwa akichapwa utotoni. Lakini safari hii alichapwa mbele ya watu wa Mungu, na hakuweza kujibu. Ukimjibu mtu aliye kwenye maombi, wewe ndiye mbaya.

Tuliposema amina ya mwisho alichukua koti lake. Nilikuwa nimeshamimina chai. Nikamfuata mlangoni.

"Kunywa chai, wewe. Watu wataonaje?"

"Dada, nimeombewa vya kutosha," akasema. Akaondoka bila chai. Kwa watu wetu kuondoka bila chai ni barua iliyopigwa muhuri.

Nilimgeukia mume wangu wageni walipoondoka. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naomba."

"Ulikuwa unaomba nini?"

Akaanza kukusanya vikombe. Kwa kawaida huwa hakusanyi vikombe.

Jumanne ndugu yangu hakuja. Saa kumi na moja nilikuwa nimevaa sare ya darasani, mkoba begani. Mume wangu akaenda kazini akidhani shemeji yake yuko njiani. Nikampigia ndugu yangu, hakupokea. Nikampigia tena. Saa kumi na moja na nusu ukiwa bado Woodbridge huwezi kufika darasani saa kumi na mbili. Hiyo barabara kuu namba tisini na tano jioni haina huruma. Saa kumi na mbili kasoro kumi nilivua viatu. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, akaniuliza, "Umerudi mapema leo?" Nikamwambia ndiyo, mama, leo nimerudi mapema. Hiyo ikawa mara ya pili.

Kesho yake mwalimu aliniandikia kwa Kiingereza, mistari miwili. Alisema ananipenda na anaiheshimu bidii yangu na kwamba moja tu ndiyo imebaki.

Nilimsomea mume wangu. Uso wake ulianguka, sitamsingizia. Alimwomba bosi wake ambadilishie shifti, bosi akakataa, sikukuu zinakuja na mizigo ni mingi. Nikamwambia, basi mwombe shemeji yako msamaha. Akasema atafanya. Alichofanya ni kumtumia ujumbe ulioanza vizuri, "Shemeji, kama nilikukwaza," na ukaendelea hivyo mistari minne, halafu mwisho akaweka kwamba hata hivyo ukweli wa gemu uko pale pale. Niliusoma baada ya kutumwa. Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi, sikuweza hata kukasirika.

Alhamisi hapakuwa na darasa, ilikuwa ile sikukuu yao ya shukrani, ya bata mzinga. Sisi tulichoma mbuzi. Ndugu yangu hakuja. Mama alikula kidogo, halafu akachukua sahani, akapakua nyama na ugali na mboga, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kwenye kiti cha pembeni yake. Kila mlango wa gari ukibamizwa nje anainua kichwa.

"Kijana wangu bado yuko shule?" akaniuliza.

"Yuko kazini, mama."

"Mwambie nimemwekea."

Mume wangu aliacha kutafuna. Siku ile hakufungua laptopu.

Jumamosi ushirika ulikuwa kwa mzee kiongozi mwenyewe. Ndugu yangu hakutokea. Ilipofika wakati wa mahitaji ya maombi, watu wakasema ya kwao: makaratasi, mgongo, mtoto asiyetaka kwenda kanisani. Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama. Huwa nasema haja zangu kwa Mungu peke yangu, nimezoea.

"Mimi ombi langu ni kwamba kuna maombi yalifanyika nyumbani kwangu wiki iliyopita," nikasema. "Naomba yafutwe."

Watu walitazamana. Mzee akavua miwani.

"Mama, maombi inafutwaka namna gani? Lakini ikisha kupanda, utaishusha na nini?"

"Sijui, mzee. Lakini yale hayakuwa maombi. Yalikuwa kijembe. Mume wangu alikuwa anamchapa ndugu yangu kwa sababu ya gemu ya kompyuta, na ninyi mkaitika amina, na mimi nikaitika. Sasa ndugu yangu haji kukaa na mama. Nikikosa darasa Jumanne, nimefukuzwa. Miaka saba."

Halafu yule mama wa Kitanzania akasema kwa sauti ndogo, "Jamani. Ile sakafu?"

"Ile sakafu, mama."

"Na nililia!"

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikazunguka chumba, na mimi nilikuwa nimesimama katikati sicheki. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia zulia. Mzee akamwita kwa upole aje mbele, akamuuliza, "Ndugu, iko kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Ulimtupia shemeji yako majiwe, ukamufunga Bwana macho?"

Alitaka kujitetea, nilimwona mdomo ukifunguka. Mdomo ukafungwa. "Nilitumia jina la Mungu kushinda ubishi," akasema. "Nilikosea. Na mke wangu ndiye analipa." Akaanza kulia, mtu mzima, dereva wa Malaba. Mzee akamwekea mkono begani, akamwambia aombe upya, sasa kweli, na wengine tusiitike chochote mpaka amalize. Aliomba kwa kifupi. Hakukuwa na chombo chochote ndani.

Mzee ndiye aliyempigia ndugu yangu siku ile ile, akaniwekea spika nisikie.

"Nimemsamehe, mzee," ndugu yangu akasema. "Kabisa, moyoni. Ila nyumba ile siingii yeye akiwa ndani."

"Hiyo ni kusamehe ya aina gani, mwanangu?"

"Ni ya kuanzia."

Nikaichukua simu. "Jumanne?"

"Nitakuja akishatoka, dada. Nikimkuta naanza kumjibu, na nikianza simalizi."

Basi nikaona imekwisha. Saa kumi na moja na dakika kumi mume wangu anatoka, saa kumi na moja na robo ndugu yangu anaingia, mimi natoka. Niliandika kwenye karatasi nikabandika kwenye friji.

Jumanne ikafika. Saa kumi na moja na dakika kumi mume wangu alikuwa amesimama dirishani na koti lake na kontena lake la chakula.

"Nenda," nikamwambia. "Utachelewa."

"Siondoki mpaka nimwone ameingia. Wiki ile niliondoka nikidhani yuko njiani. Leo asipokuja, nabaki mimi na mama, wanifukuze."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kuniambia neno lililonishika moyoni, na sikuwa na wakati wa kulishika. Saa kumi na moja na dakika kumi na nne gari la ndugu yangu likaingia, likasimama mbele ya nyumba. Likazimwa. Hakushuka. Tunamwona ndani, mikono kwenye usukani, anamwona mume wangu dirishani.

Dakika ikapita. Mbili.

"Mbona haingii?" mume wangu akauliza.

"Kwa sababu wewe uko ndani!"

"Na mimi siondoki mpaka aingie."

"Baba!" nikamwita.

"Nikitoka kwa huo mlango tutakutana kwenye ngazi, na atasema nimemvizia."

Nilimwangalia huyu niliyefunga naye ndoa, halafu yule kwenye gari niliyemlea. Saa kumi na moja na dakika kumi na nane. Mama alikuwa ameinuka kwenye kochi kuona tunaangalia nini. Nikafungua mlango wa nyuma.

"Toka huku," nikasema.

Nyuma tuna kiwanja kidogo chenye ua wa mbao, na lango lake tuliligongomea misumari sisi wenyewe ili mama asipotee. Mume wangu ana miaka hamsini na goti moja halikunjiki vizuri. Aliangalia ule ua, akaniangalia mimi, akanipa kontena lake. Akapanda kwenye pipa la takataka, akaweka mguu mmoja juu, akakaa pale kama amepanda punda, akasema "Bwana nisaidie," na nadhani hayo yalikuwa maombi ya kweli. Akaanguka upande wa pili. Nikasikia majani. Nikarusha kontena.

"Uko mzima?"

"Nenda darasani!" sauti ikatoka nyuma ya mbao.

Nilipofika mlango wa mbele ndugu yangu alikuwa ameshaingia, anavua viatu, na mama amemshika uso kwa mikono miwili, anamuuliza kwa nini shule yao inawaachia jioni hivi. Ndugu yangu alikuwa ameona kitu, kwa sababu midomo yake ilikuwa inabanwa isicheke.

"Dada, huyo ni shem ametoka kwa—"

"Usiniulize," nikasema. "Wali uko kwenye sufuria. Dawa yake ni saa moja."

Niliendesha bila redio. Taa zote za breki za barabara ile zilikuwa mbele yangu, nyekundu, na nilizifuata moja moja bila kuwaza chochote, hata kusali sikusali, nilikuwa nimeishiwa maneno. Niliingia darasani saa kumi na mbili na mwalimu alikuwa ameshika orodha, amefika herufi ya kabla ya yangu. Nilikaa kiti cha karibu na mlango nikiwa na koti na viatu vyenye tope. Akasoma jina langu. Akainua macho kabla sijajibu, akalitafuta lile neno lake la Kiswahili mpaka akalipata.

"Upo?"

"Nipo," nikasema, na akaweka alama.